Uwanja wa nyumbani, ardhi ya kukodi au shule ya msituni: jeshi lenye bajeti ndogo lichague lipi?

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani karibu na mto Semuliki, huko Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ilivamiwa na watu walioaminika kuwa wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Mapigano yaliendelea kwa saa nyingi gizani. Wanajeshi 14 wa Tanzania waliripotiwa kuuawa na wenzao wengi wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofuata ulitaja mapungufu kadhaa, na suala la mafunzo lilikuwamo.

Tukio hilo ndilo lililonifanya nianze kufuatilia namna majeshi ya nchi nyingine yanavyowaandaa askari wao kwa mazingira wasiyoyazoea. Pori la miombo la Tabora na msitu wa Beni ni vitu viwili tofauti kabisa. Miombo unaona mita mia, unaona jua, unajua mashariki ni wapi. Msitu wa ikweta unaona hatua kumi, redio inakwamakwama chini ya majani, na anayekuvizia anaweza kuwa karibu kiasi cha kusikia unavyopumua.

Shida hii haina mwenyewe. Jeshi lolote humzoeza askari mahali pamoja, kisha kazi ikamkuta mahali pengine. Nimezipima njia nne zinazotumika. Ya kwanza ni ya Marekani: kutenga uwanja mkubwa nyumbani na kuweka humo adui wa kudumu. Ya pili ni ya Uingereza na Singapore: kwenda kujizoeza kwenye ardhi ya wengine. Ya tatu ni ya Ufini: kumfundisha askari kupigana katika nchi yake mwenyewe, basi. Ya nne ni ya Brazil na India: shule ndogo ya wabobezi iliyojengwa ndani ya mazingira yenyewe. Mizani yangu ni majeshi ya ukanda wetu, yanayotuma vikosi Kongo, Somalia au Msumbiji huku bajeti ikiwa inagombewa na shule na zahanati.

Tuanze na mwili

Mwili wa binadamu hauzoei joto kwa kuelezwa. Unahitaji takribani siku 10 hadi 14 za kufanya kazi juani kila siku. Katika siku hizo jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, chumvi inayopotea hupungua, na moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ileile. Ukirudi kwenye baridi, faida hiyo huyeyuka ndani ya wiki chache. Kwa hiyo askari aliyezoezwa kwenye ukame mwezi Februari, akakaa nyanda za juu hadi Oktoba, atashuka kwenye ndege na mwili mgeni. Ujuzi wa kutunza maji na kusoma mchanga anao bado, lakini damu yake imeshasahau.

Milimani ni hivyohivyo, na hatari zaidi. India ilijifunza kwa machozi mwaka 1962, ilipowapandisha askari haraka kwenye Himalaya kukabiliana na China, wengi wakiwa na mavazi mepesi ya bondeni. Leo jeshi lake lina ngazi zisizorukwa: siku sita kati ya mita 2,700 na 3,600, nne nyingine hadi mita 4,500, kisha nne tena kwa anayepanda juu ya hapo. Anayeharakisha anaweza kufa kwa maji kujaa mapafuni bila kuguswa na risasi. Kwenye barafu ya Siachen, ambako India na Pakistan wamekabiliana tangu 1984, hali ya hewa imeua watu wengi kuliko silaha.

Kwa kigezo hiki njia ya tatu na ya nne zinatangulia, kwa sababu askari anaishi ndani ya mazingira hayo. Ufini ni mfano safi. Kijana wa huko hutumikia siku 165, 255 au 347 kulingana na kazi yake, kisha anakuwa askari wa akiba anayeitwa tena mafunzoni mara kwa mara. Jeshi la wakati wa vita linahesabiwa kuwa watu 280,000, na wote wanaandaliwa kwa ardhi ileile: misitu, maziwa, theluji, na mpaka wa takribani kilometa 1,340 na Urusi. Januari 1940, kwenye barabara ya Raate, Wafini waliovaa nguo nyeupe na kuteleza kwa skii waliikatakata vipande vipande divisheni ya 44 ya Kisovieti. Divisheni hiyo ilikuwa imeletwa kutoka Ukraine, ikabanwa kwenye barabara moja nyembamba katikati ya theluji. Ilikuwa na vifaru na mizinga, lakini haikuwa na watu waliojua kuishi katika baridi ile.

Mashine za kuigiza vita zinasaidia kufundisha udereva, shabaha na kazi za makao makuu, tena zinaokoa mafuta na risasi. Lakini hazimtoi mtu jasho wala hazimwozeshi miguu ndani ya buti. Ni nyongeza nzuri kwa njia yoyote utakayochagua.

Vyombo navyo vinapaswa kuzoezwa

Hapa njia ya pili, ya kwenda ugenini, inastahili sifa yake. Mwaka 2001 Uingereza ilifanya zoezi kubwa Oman, Saif Sareea II, likiwa na zaidi ya watu 20,000 wa upande wake. Vumbi la Oman likavishinda vifaru vya Challenger 2. Vichujio vya hewa vilijaa vumbi na vingine vilihitaji kubadilishwa baada ya saa nne tu za kazi. Hata soli za buti za baadhi ya askari ziliachia kwa joto. Magazeti ya kwao yaliliandika kama aibu.

Mimi naliona kuwa moja ya mazoezi yenye faida kubwa ya miaka ile. Mwaka 2003 vifaru vya aina hiyohiyo vilipoingia Basra, vilikuwa vimeshafungwa vizuizi vya vumbi. Kasoro iliyoonekana Oman iligharimu fedha na maneno ya magazetini. Ingesubiri kuonekana Iraki, ingegharimu watu. Hakuna uwanja wa Ujerumani wala Uingereza ambao ungeifichua, kwa sababu vumbi lile haliko huko.

Somo hili linatuhusu hata sisi wasio na vifaru vingi. Lori linalopanda Monduli vizuri linaweza kukwama kwenye tope la Beni wiki ya kwanza. Redio, betri, dawa za malaria, maturubai na viatu vijaribiwe mahali vitakapotumika, tena na kikosi kidogo, kabla ya kikosi kizima kupanda ndege.

Nani anakuwa adui?

Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, na ndipo Wamarekani walipotuacha mbali.

Baada ya Vietnam, na baada ya kuona jinsi vifaru vilivyoteketea kwa mamia katika vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, jeshi la Marekani lilijiuliza swali gumu: pambano la kwanza la askari linaweza kuwa la uongo, ili la kweli liwe angalau la pili? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likafungua Kituo cha Taifa cha Mafunzo huko Fort Irwin, kwenye jangwa la Mojave, California. Uwanja wake una zaidi ya kilometa za mraba 2,500, yaani unaimeza Unguja yote na nafasi inabaki. Brigedi inaletwa na maelfu ya watu wake, magari na vifaru vyake, na kuingia uwanjani kwa takribani siku 14 za mapambano mfululizo. Kwa kawaida brigedi kama kumi hupita hapo kwa mwaka.

Ukubwa wa uwanja peke yake ungekuwa ufahari tu. Siri iko kwa wenyeji. Regimenti ya 11 ya Wapanda Farasi wenye Deraya (jina ni la kale, siku hizi wanapanda magari ya deraya) imekaa hapo tangu 1994, na kazi yake ni kuwa adui. Inafahamu kila bonde, inapigana kwa mbinu za majeshi ambayo Marekani inadhani itakutana nayo, na haina sababu ya kumwonea haya mgeni. Silaha zinafungwa vifaa vya mwanga wa leza, kwa hiyo aliyepigwa anajulikana hapohapo na hakuna ubishi wa "nimekukosa". Brigedi ngeni hushindwa mara nyingi, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Kisha wanakaa chini. Waangalizi waliotembea na kikosi usiku na mchana huongoza kikao cha kupitia pambano: nini kilipangwa, nini kilitokea, kwa nini, na nini kibadilike. Koplo anaweza kusema mbele ya kanali kwamba amri ilifika kwa kuchelewa, na kanali anaandika. Majeshi mengi yenye mizizi ya kikoloni, na yetu yamo, yanaona ugumu hapo kuliko kwenye kununua leza. Tumezoea zoezi ambalo mwisho wake unajulikana tangu asubuhi. Mgeni rasmi amekaa chini ya hema, adui anakimbia kwa wakati, mizinga inapiga kilima kilichopakwa chokaa, na wote wanapiga makofi. Sherehe kama hiyo ina nafasi yake ya kuwapa wananchi imani. Ikihesabiwa kuwa mafunzo, tunamdanganya yule kijana atakayelala lindo la kwanza msituni.

Gharama ya mzunguko mmoja wa Fort Irwin ni makumi ya mamilioni ya dola. Hatuwezi, na hatuhitaji. Kinachoweza kuchukuliwa bila fedha hizo ni vitu viwili: kombania moja iliyopewa kazi ya kuwa adui kwa miaka miwili au mitatu mfululizo, na waamuzi wenye vitambaa mkononi ambao hawako chini ya kamanda anayepimwa. Risasi za baridi, zisizo na kichwa, zinatosha kuanzia.

Ardhi ya watu

Kukodi kunavutia. Singapore yote ni ndogo kuliko Pemba, na sehemu kubwa ya vijana wake wa kiume wanaingia jeshini kwa sheria. Wafyatulie wapi mizinga? Ndiyo maana tangu 1990 inakwenda Shoalwater Bay, Queensland, kwa zoezi la Wallaby. Kwa makubaliano yaliyofuata na Australia, Singapore iligharimia kupanua viwanja huko Queensland, na inaweza kupeleka hadi watu 14,000 kwa mwaka. Ni mpango uliosimama vizuri kwa sababu mwenye ardhi anabaki na kitu: barabara, majengo, viwanja vilivyopanuliwa ambavyo jeshi lake mwenyewe linatumia.

Uingereza nayo ina Brunei na Belize kwa ajili ya msitu, Norway kwa baridi, na Nanyuki kwa mambo mengi kwa pamoja. Kijeshi, Nanyuki ni mahali pa ajabu. Uko kwenye ubaridi wa Mlima Kenya asubuhi, na kabla ya magharibi umeteremka kwenye joto la Archer's Post. Vikosi vingi vilivyokwenda Helmand, Afghanistan, vilipitia hapo kwanza.

Lakini waulize watu wa Laikipia na Samburu. Kwa miaka mingi wafugaji na watoto walikuwa wakikutana na mabomu yaliyobaki bila kulipuka malishoni, na mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa waathirika, bila kukiri kosa. Mwaka 2012 mwanamke kijana aliuawa Nanyuki, akaacha mtoto mchanga, na familia yake imehangaika zaidi ya muongo mmoja kutafuta haki dhidi ya askari mgeni anayetuhumiwa. Machi 2021 moto uliozuka wakati wa zoezi uliteketeza maelfu ya ekari za hifadhi ya Lolldaiga. Mwaka 2024 kamati ya Bunge la Kenya ilikaa kusikiliza malalamiko ya wananchi. Kambi inaleta ajira na biashara, hilo ni kweli, na wenyeji wenyewe wanalisema. Ila anayepima njia hii kwa shilingi peke yake anasahau kuwa upande wa pili wa mizani wamo watu.

Kwa anayekodi kuna hatari nyingine: siasa za mwenye nyumba. Waingereza walikuwa wakizoeza vifaru vyao Libya. Mwaka 1969 Gaddafi akashika madaraka, jangwa likafungwa, na ikabidi watafute uwanja mwingine hadi Suffield, Kanada, walikoanza mwaka 1972. Nchi kubwa iliweza kuhamia bara jingine. Sisi tungekaa bila uwanja.

Ujuzi unakaa kwa nani?

Marekani ilikuwa na shule yake ya vita vya msituni Fort Sherman, Panama. Ilipoondoka Panama mwaka 1999, shule ikafungwa. Vita vya Afghanistan na Iraki vikafuata, na msitu ukasahaulika. Zaidi ya miaka kumi baadaye, ilipoanza kuitazama Pasifiki tena, jeshi lile tajiri likalazimika kuanzisha shule upya Hawaii, huku wakufunzi wengi wa zamani wakiwa wameshastaafu.

Linganisha na Manaus. Brazil ilianzisha Kituo chake cha Mafunzo ya Vita vya Msituni mwaka 1964, na hakijafungwa tangu hapo. Hakina ukubwa wa kutisha. Kina mto, msitu wa Amazon, na wakufunzi waliokaa humo muda mrefu kiasi kwamba wanajua mzizi upi unatoa maji, kamba ifungweje ili begi lielee, na mguu ukaushwe mara ngapi kwa siku. Mataifa mengi hupeleka askari wake huko, Wamarekani wakiwemo. Alama ya shule ni chui wa Amazon, na salamu yao ni neno moja: Selva, msitu.

Na hapa ndipo njia inaporudi Semuliki. Kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kiliwahi kusaidia kuwashinda waasi wa M23 mwaka 2013, kwenye vilima vya wazi karibu na Goma. Beni ilikuwa vita nyingine. Mwaka 2019 Brazil ilipeleka timu ya wakufunzi wa msituni hadi hukohuko Beni, ikawafundisha askari wa kikosi kile mahali walipokuwa wakifanya kazi: kunyata, kufuata nyayo, kujinasua kwenye mtego wa kuviziwa, kumbeba majeruhi pasipo na barabara. Hapakuwa na haja ya kukodi msitu wala kusafirisha batalioni. Walisafiri wakufunzi wachache, ujuzi ukabaki kwa wengi.

Katika njia zote nne hiyo ndiyo inayonishawishi kuliko nyingine.

Ukiwa ndiye unayechagua

Kama nchi yako haitumi askari nje na hofu yake ni mpaka wake, fuata Ufini bila kusita. Mjue jirani yako, ujue mito yako, uwe na akiba inayoitwa kweli mafunzoni na isiyobaki majina kwenye daftari. Fedha za safari za nje zipeleke kwenye viatu na risasi.

Kama una vifaru na brigedi nzima za kuhamisha, huna budi kuwa na uwanja mkubwa nyumbani, hata uwe sehemu ya kumi ya Fort Irwin. Kukodi kubaki kwa ajili ya kujaribu vyombo, kwa muda mfupi, na kwa mkataba unaotaja mapema nani anazima moto, nani anasafisha mabomu na mahakama ipi inamhukumu askari aliyekosa.

Kwa majeshi kama ya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ambayo leo yako Kongo na kesho Cabo Delgado au Somalia, ningechagua njia ya nne na kuitia adui wa Fort Irwin. Afrika Mashariki ina karibu kila mazingira ndani ya ua wake. Msitu wa Semuliki wenyewe unavuka mpaka na kuingia Bundibugyo, Uganda. Kenya ina jangwa la Chalbi. Tanzania ina mikoko ya delta ya Rufiji, maziwa makuu na mlima wa mita 5,895. Tayari tunakutana kwenye zoezi la Ushirikiano Imara. Hatua inayofuata iwe kila nchi kubeba shule moja ya mazingira yake, na wengine kupeleka watu huko, kwa kupokezana badala ya kulipana kodi.

Na watu hao wachaguliwe vizuri. Fedha za kupeleka askari 200 wakatembee msituni kwa wiki tatu ni afadhali zipeleke makoplo na masajini 20 kwa miezi mitatu, kisha warudi wawe wakufunzi kwa miaka mitatu bila kuhamishwa. Ofisa akipata kozi ya msituni leo na kesho akapangiwa ofisi ya stoo, kozi ile imepotea. Tuhesabu wakufunzi waliobaki shuleni kila mwaka, kwa majina, na hesabu hiyo isomwe pamoja na bajeti ya ulinzi.